Chupa za sukari: nilivyotengeneza vifaa vya muvi yetu ya ngumi hapa Arusha

Mwezi wa nne mwaka jana tulikua tunashuti muvi ya ngumi na kufukuzana hapa Arusha, masela saba na kamera ya kuazima, mie nikapewa upande wa vifaa na hela yote ilikua laki moja na nusu. Humo ndani itoke bunduki, itoke damu, itoke moshi, alafu kuna sini ya baa jamaa anapigwa chupa ya bia kichwani na dairekta hataki kusikia habari ya kukata picha tukaweka sauti tu, anataka ivunjike mbele ya kamera. Nikamwambia kaka chupa ya ukweli sikubali, ile ni nene, kichwa kinapasuka kabla yake. Akasema sawa, we ndo fundi, tafuta njia.

Njia yenyewe ni sukari, watu wa muvi wameitumia miaka mingi sana. Unachemsha sukari na maji mpaka maji yanakaribia kuisha kabisa, ikifika kama digrii 150 ukaimwaga ikapoa inakua ngumu, inapita mwanga kama kioo na ukiigonga inapasuka vipande vipande. Niliweka sukari vikombe vitatu na nusu, maji viwili, na glukosi ya maji kikombe kimoja, ile nzito ya kwenye maduka ya vifaa vya keki. Glukosi usiiache, ndo inazuia sukari isirudi kua chenga nyeupe. Kipimajoto sikua nacho kwaiyo nilitumia bakuli la maji baridi, unadondosha tone, ukilishika linavutika kama bigijii bado, likikatika "ka!" kama njiti ya kiberiti shusha sufuria hapohapo.

Nilipikia kwa mama mdogo Sakina. Sufuria ya kwanza nikachelewa kushusha, ikawa rangi ya chai ya rangi, nikaumia maana kilo ya sukari ndo imeenda, nipo nataka kumwaga mama mdogo akachota na kijiko kikapoa akakiinua dirishani kwenye mwanga, akaniambia "mwanangu, si ndo rangi ya chupa ya bia hii?" Nikaangalia, kweli kabisa, ule udhurungi wenyewe. Mie nilishanunua na rangi ya chakula kwa ajili hiyo. Kuanzia hapo nikawa naiacha makusudi iungue kidogo.

Mold sasa, yaani kalibu ya kumiminia sukari itoke na umbo la chupa. Silikoni za kutengenezea mold bei yake sio ya bajeti yetu, kwaiyo nilichukua silikoni ya kuzibia madirisha, ile ya tyubu ya hadwea inayonuka siki (hakikisha inanuka siki), nikaikanda na kornflawa kiasi kwa kiasi mpaka ikawa kama donge la chapati. Vaa glavu, fungua madirisha, na fanya haraka maana inaanza kukaza ukiwa bado unakanda. Nikapaka mafuta ya kula kwenye chupa halisi nikaifunika na lile donge unene wa kidole, kitako nikakiacha wazi. Ilipokaza nikachana upande mmoja kwa wembe, nikatoa chupa, nikaifunga tena na mpira wa tyubu ya baiskeli.

Unaigeuza mdomo chini, unamimina sukari kwa pale kwenye kitako, unazungusha izunguke kuta zote, inayobaki unairudisha kwenye sufuria, alafu unarudia mara ya pili. Shingoni inajaa yote inakua kama mpini, hiyo ni nzuri maana ndo anaposhika mpigaji. Na kitako hakipo kabisa, kamera haikioni, na kwenye chupa kitako ndo pangekua pazito pa kuumiza mtu. Jamani hiyo sukari ya moto isikuguse, inanata kwenye ngozi na inaendelea kuunguza, mie nina alama kwenye kifundo cha mkono mpaka leo.

Kilichotaka kuniliza ni masika. Ijumaa usiku nilitengeneza chupa nne safi za kushuti jumamosi, nikazipanga mezani nikalala, asubuhi nakuta zote zinanata na shingo zimeinama kama mishumaa iliyokaa juani. Sukari inanyonya unyevu wa hewani, na Arusha mwezi wa nne hewa yote ni maji. Tukasogeza sini hadi jumapili. Jumapili nikaamka saa tisa usiku, nikapika, kila chupa ikipoa nikaiweka kwenye debe la biskuti lenye mchele mkavu nilioukaanga bila mafuta, nikafunika. Zilitoka sita, mbili zikapasuka wakati wa kuzitoa, moja nikajipiga mwenyewe kichwani nikiwa na kofia ya sufu kabla sijamruhusu mtu mwingine apigwe. Tatu nikazipakata kwenye bajaji hadi lokesheni.

Mengine nitayasema kwa kifupi. Bunduki zote ni mbao, nilichora fundi seremala akakata, vishikio nikaweka soli za kandambili, nikapuliza rangi nyeusi alafu kwenye kona nikasugua unga wa penseli, inang'aa kama chuma kilichotumika. Kuna mtu alisema anaweza kuazima bastola ya ukweli, nikakataa katakata. Mwezi wa kumi 2021 kule New Mexico, Marekani, mpiga picha wa muvi Halyna Hutchins alikufa kwa risasi iliyotoka kwenye bastola halisi wakati wanafanya mazoezi ya sini, na wao walikua na watu wa silaha kwenye seti. Na hata za mbao tulitoa taarifa serikali ya mtaa na polisi, na njiani zilikaa kwenye kiroba.

Damu ni glukosi ileile, maji, rangi nyekundu na kakao kidogo, bila kakao kwenye kamera inakua pinki. Inapita kwenye mpira wa dripu chini ya shati, mtu pembeni anasukuma bomba kubwa la sindano. Iwe nyepesi, nzito inagoma kutoka. Moshi nilipata kwa mfuga nyuki, lile kopo lake lenye kiriba cha kupulizia moshi, tukachoma maranda makavu.

Chupa ya kwanza mwigizaji alikwepa kabla haijafika, ikapigwa begani. Ya pili, macho kafumba kama tulivyokubaliana, ikampata juu ya sikio na ubavu wa chupa, ikatawanyika na taa ya nyuma ikapiga kwenye vile vipande, baa nzima kimya, dairekta akasahau kusema kata. Tukamkagua nywele zote kwa kitana maana vipande vyake vina makali vilevile.

Ya tatu niliipeleka nyumbani nikaiweka kabatini iwe kumbukumbu. Jumatano nafungua, kuna kidimbwi cha rangi ya bia na sisimizi mstari mzima hadi mlangoni.