Windows 11, ChromeOS Flex au Linux Mint: nilivyochagua mfumo wa laptopu ya zamani

Laptopu yenyewe ni Intel Core i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 8, SSD GB 256. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Zipo mbinu za kuilazimisha, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine zisizotimiza masharti, na masasisho ndiyo niliyokuwa nayatafuta.

ChromeOS Flex, mfumo wa Google, ni nyepesi kweli. Ila haiendeshi programu za Android, na ukiisakinisha inafuta diski nzima. Inamfaa mtu ambaye kazi zake zote ziko kwenye kivinjari na hana shida ya bando.

Nikachukua Linux Mint, mfumo wa bure, toleo lake jepesi liitwalo Xfce. Faili lake la kusakinishia linakaribia GB 3. Unaliandika kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus, kisha unawasha kompyuta huku ukibonyeza F12 (HP nyingi ni Esc au F9). Mint inafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, kwa hiyo hapo hapo jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, printa, na ufunge kifuniko uone kama inalala na kuamka. Kadi za Wi-Fi za Broadcom ndizo zinazogoma mara nyingi: chomeka simu kwa waya wa USB, igawie kompyuta intaneti, kisha fungua Driver Manager ya Mint upakue draiva (programu inayoendesha kadi).

Windows niliibakiza upande mmoja wa diski. Kabla ya kugawa, nakili mafaili yako na uandike mahali ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows la kulinda diski). Punguza nafasi ya Windows ukiwa ndani ya Windows yenyewe. GB 60 zinaitosha Mint. Halafu, bado ukiwa Windows, zima Fast Startup (uwashaji wa haraka) kwa amri ya powercfg /h off, la sivyo Windows haizimiki kikamilifu na Mint itakufungulia mafaili yake kwa kusoma tu, au ikatae kabisa.

Kuna kero ya saa. Ukitoka Mint kuingia Windows, saa inarudi nyuma kwa saa 3: Mint huweka UTC (saa ya kimataifa) kwenye saa ya mashine, Windows huichukulia kuwa ndiyo saa ya hapa kwetu Afrika Mashariki. Dawa yake ni amri moja upande wa Mint: timedatectl set-local-rtc 1.

Barua za Word hufunguka vizuri kwenye LibreOffice, programu ya ofisi ya Mint, maana fonti yake ya Carlito ina upana uleule wa fonti ya Calibri ya Word na mistari haihami. Makro za Excel (amri za kujiendesha ndani ya faili) ndizo tatizo. Nyingi hazifanyi kazi. Kwa hizo tu narudi Windows 10, na nikiwa huko intaneti huwa nimeizima.