Nilivyojisitiri na Muyonza

Nyumba tuliyohamia Bombo, wilaya ya Luweero nchini Uganda, mwaka 2019 ilikuwa nzuri ila haina haya. Bafu liko nje, kuta zake zinakufika kifuani, na mbele yake, ng'ambo ya barabara ya vumbi, ipo stegi ya bodaboda. Ukienda kuoga na ndoo yako vijana saba wanakusalimia kwa jina. Mimi ni fundi wa magari, mzaliwa wa Marangu, nimelala gereji miaka mingi, hayo ningeyavumilia. Tatizo lilikuwa mama mkwe.

Mke wangu ni Mganda. Kwa Waganda, mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawagusani, hawakai mkeka mmoja, na wakikutana njiani kila mmoja anajikunja pembeni. Wanaliita jambo hilo obuko, na halina mzaha. Sasa mama huyo akija kukaa wiki mbili, mimi nitaogea wapi? Ukuta wa matofali niliupigia hesabu usiku mmoja, nikafunga daftari. Nikaamua kupanda ua wa miti.

Kosa la kwanza nililifanya kwa pesa taslimu. Kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara nikanunua miche 120 ya duranta, ile ya majani ya manjano unayoiona kwenye kila hoteli. Muuzaji aliniapia kuwa ni mti wa hapa hapa. Duranta asili yake ni Amerika ya joto, na vitunda vyake vya rangi ya chungwa ni sumu kwa watoto, lakini hayo niliyajua baadaye. Nikaipanda mwishoni mwa Novemba, mvua za vuli zikiwa zinaaga. Huku Luweero mvua ni za vipindi viwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na kati ya Desemba na Februari jua halina huruma. Kila jioni nilibeba jerikeni za maji mpaka mgongo ukanikataa. Kufika Februari ilikuwa imebaki kama thelathini, nayo imejikunja kama tumbaku. Mke wangu aliposikia habari ya sumu aliing'oa yeye mwenyewe, wala hakuniuliza.

Mwezi uliofuata ukaja ule wakati wa korona. Bodaboda zikazuiwa kubeba abiria. Mnaweza kufikiri stegi ilipata nafuu. La, vijana walikaa pale kutwa nzima hawana pa kwenda, na cha kutazama kilikuwa kimoja tu. Wanangu nao shule zimefungwa. Nikawa na muda, nikawa na watoto wa kutuma, na nikawa na sababu.

Aliyenifungua macho ni Hajati mmoja Mnubi, jirani wa nyuma, mama wa makamo ya bibi yangu ambaye kutwa anasuka vikapu chini ya mwembe. Siku moja nilipita na jembe, akaniita. "Mwanangu, wewe unanunua miti kana kwamba huku hakuna miti. Pita ile njia ya kwenda kisimani, uangalie ni kitu gani mbuzi wameshindwa kupita katikati yake."

Nikaenda. Kilichowashinda mbuzi ni muyonza. Ni kichaka cha miiba mirefu iliyonyooka kama sindano ya gunia, majani madogo ya kijani kibichi yanayong'aa mwaka mzima, maua meupe yenye harufu kama asumini. Tunda lake, enyonza, linaanza jekundu halafu linakuwa zambarau iliyokaribia weusi. Mti wenyewe upo Afrika Mashariki yote, na Waswahili wa pwani wana jina lao la kuuita. Jina hilo sikuthubutu kulitaja mbele ya mama mkwe wala sitaliandika hapa. Wanaolijua wanacheka saa hizi.

Kwetu Tanzania ua wa miiba wa aina yoyote tunauita tu michongoma, tukamaliza. Hapo ndipo nilipogundua kuwa nilikuwa sijui kutofautisha. Ule ua wa miiba mikali ambao Wakenya wanauita kayaba, na ambao watu wengi hapa Uganda wanadhani ni wa kwao, umetoka kusini mwa Afrika, na jina lake la Kizungu limetokana na mto Kei wa huko. Ni ua mzuri, sina ugomvi nao. Ila muyonza haukuhitaji kuuziwa na mtu.

Mbegu nilizikusanya kwa rushwa. Niliwaahidi watoto wangu, na wa Hajati, na wengine ambao sijui wazazi wao, kwamba kila atakayeniletea kikombe cha mbegu alizotema atapata mandazi mawili. Wakala enyonza mpaka midomo ikanata kwa utomvu na mashati yakawa na madoa ambayo mke wangu anayataja hadi leo. Tunda moja lina mbegu mbili hadi nne, bapa, ndogo. Nilizisugua kwa mchanga na maji kuondoa ule utelezi, nikazianika kivulini siku moja, nikazipanda zikiwa mbichi. Hilo la ubichi ni muhimu: kopo moja nililoliweka kabatini "kwa ajili ya baadaye" lilinipa miche miwili. Zile mbichi zilianza kuchungulia baada ya wiki tatu hivi, na katika mbegu kama 400 nikapata miche 160 ya kuhamishia kwenye viriba.

Halafu ikasimama. Sijawahi kuona mmea mvivu namna ile. Miezi miwili, majani manne. Fundi mwenzangu gereji alikuwa akija kuniuliza, "Mzee, msitu haujambo?" Kama na wewe unataka ua wa miezi sita, muyonza si wako.

Kwa hiyo nikahitaji kitu cha kunifunika wakati nasubiri, nacho ni mululuza. Ndio ule mtugutu, mti mchungu ambao karibu kila nyumba huku unao kwa ajili ya homa. Watafiti walioko Mahale kule Kigoma walishawaona sokwe wagonjwa wakitafuna kiini cha shina lake, kwa hiyo dawa hiyo si yetu peke yetu. Mimi niliutaka kwa tabia yake nyingine: unakata kipande cha tawi kinene kama dole gumba, urefu wa mkono, unakichomeka ardhini kwa kukiinamisha, mvua ikinyesha kinachipua. Nilichomeka vipande sitini, mstari wa nje, upande wa stegi.

Wiki ya pili nikavuta kimoja nione kama kina mizizi. Kilikuja chepesi mno. Chini kilikuwa ganda tupu lililojaa udongo mwekundu. Mchwa! Ukishuku mchwa, toa kipande, kigonge kwenye jembe: kikilia kama mti, kirudishe, kikilia kama karatasi, tupa. Nilipoteza nusu. Nilivyowapunguza ni kwa majivu ya jikoni, kopo zima kwa kila shimo, na kwa kuacha kutandaza nyasi kavu karibu na shina, maana nyasi nilizoweka kutunza unyevu ndizo zilizowaita. Nyasi nikazisogeza futi moja mbali. Wengine wanatumia dawa za dukani. Mimi nina kuku wanaodonoa kila kitu, nikaogopa.

Baada ya miezi kadhaa mululuza ulinipita kimo. Lakini una aibu yake: ukiachwa, unapandisha majani yote juu na kubaki na miguu mitupu. Kichwa kimefunikwa, kuanzia kiunoni kwenda chini uko sokoni. Aliyelitatua hilo ni mama mkwe mwenyewe, aliyekuja siku moja kwa matembezi ya mchana. Mimi nikiwa ndani, yeye uani, akamwambia mwanangu kwa sauti ya kunifikia, "Mwambie baba yako akate ile mti hapa," na mtoto akaja kunionyesha: usawa wa kiuno. Nikaikata yote. Ikachipua matawi manne manne kila shina, mengine kutokea chini kabisa. Ulikuwa ushauri wake wa kwanza kwangu tangu harusi.

Hapa katikati nilijaribu pia mnyaa, kwa sababu haulogwi na jua wala mbuzi, na kipande chochote ukikitupa kinaota. Nimeung'oa. Kijana ninayemfundisha ufundi alikuwa akiupunguza kwa panga, maziwa yakamrukia jichoni. Tulimmwagia maji safi muda mrefu sana huku analia kama mtoto, kisha tukamkimbiza kliniki. Alipona, lakini jicho lilikaa jekundu siku kadhaa. Mnyaa ni wa kuzungushia zizi mbali na nyumba, ukatwe na mtu mzima aliyefunika macho. Kando ya bafu, hapana.

Machi 2021 miche ya muyonza ikawa imefika urefu wa shubiri na kidogo. Ua wa mbele una mita 25. Nilichimba mfereji mmoja badala ya mashimo, kina cha futi moja, nikachanganya udongo na samadi iliyooza ya mbuzi, nikapanda mistari miwili kwa kupishana, dhiraa moja kutoka mche hadi mche. Ilienda miche 100, na hiyo 60 iliyobaki sikuigawa ingawa niliombwa. Ilifaa, maana mwaka wa kwanza nilizibia mapengo 22.

Jambo gumu kuliko yote lilikuja ilipofika magotini. Hajati akaniambia niikate nusu. Umengoja mwaka mzima mche ufike gotini, halafu uukate? Niliukata, moyo ukiuma, na mwaka uliofuata nikaukata tena. Ua wa miiba haupendezi juu, unapendeza chini. Kama kuku anapita chini, hata mwizi atapita, na hilo hulitengenezi baadaye ukishaacha shina likaenda juu peke yake. Jirani wa kule mbele aliyepanda wake mwaka huo huo na kuuonea huruma, leo ana ua mrefu kuliko wangu, na mbwa wake analala kwangu.

Upande wa kulia mambo yalikuwa mengine, kwa sababu pale hapakuwa na suala la kujificha, palikuwa na mpaka. Jirani yangu ni mwanajeshi mstaafu, sote tunamwita Afande. Nilipoanza kuchimba akaja na fimbo yake. "Wewe Mchaga, hii laini umeingia kwangu." Nikamwambia, "Afande, alama ni ile pale." Akasema alama ipi, mimi nikaonyesha jiwe, yeye akasema jiwe linatembea. Ikawa wiki mbili hatusalimiani.

Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, alipokuja na wazee wawili, hakutazama jiwe. Alitafuta kwenye kichaka cha nyasi mpaka akakuta vishina vitatu vya mmea wa majani marefu mapana, umelala lakini haujafa. "Huyu ndiye shahidi," akasema. Wanauita mulamula, na wazee wakanieleza ni neno moja na mulamuzi, hakimu. Nasi kwa Kiswahili tunaamulia ugomvi. Mimi nilikuwa nimeshaduwaa kabla hawajamaliza. Ule ni isale! Kwetu Kilimanjaro masale ndiyo yanayosimama kwenye mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na ukimkosea mtu ukamwendea na jani la isale mkononi, ni vigumu akufukuze. Nimetoka Marangu mpaka Bombo, nimekuta mmea ule ule kazini pale pale.

Mpaka ulikuwa hatua moja ndani ya kwangu. Afande alikuwa na haki kidogo, jiwe langu nalo lilikuwa na makosa kidogo. Tukakata fito za mulamula za urefu wa mita moja, tukazisimika sisi wawili kwa mkono wetu, mwenyekiti akihesabu. Zinashika hata ukizichomeka kizembe, hazipendwi na mbuzi, na kivuli hakizisumbui. Kesho yake nilimpelekea Afande jani moja. Hakujua maana yake. Nilipomweleza alilichomeka kwenye kofia na kuzunguka nalo mtaani siku nzima.

Leo muyonza wa mbele umenifika kidevuni na mululuza wa nje nimeanza kuupunguza. Vijana wa stegi hawanioni. Wananisalimia kwa kusikia maji. Mwaka jana mama mkwe alikuja akakaa wiki tatu. Asubuhi moja nikiwa bafuni nikasikia anachuma enyonza upande wa pili na wajukuu. Akanyamaza kidogo. Kisha, bila kumtuma mtoto, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, akiuelekea ule ua:

"Baba Kato, pale karibu na choo bado ninaona."

Ni kweli. Hapo udongo ni kifusi tupu, miche mitano imekufa, nimeegesha bati.