Jino moja la sproketi lilivyoniharibia spidi, na nilivyoirudisha

Fundi akikwambia spidi ya pikipiki (kile kipimo cha mwendo) inadanganya kwa sababu ya kebo, mwambie akuonyeshe hiyo kebo kwanza. Mimi sikumwambia, na laki moja na ushee ikaenda.

Nina pikipiki Honda ya cc 250, naifuatia viazi Matamba. Aliyepanda kutoka Chimala anaijua Hamsini na Saba, zile kona 57. Ilikuja na sproketi (gurudumu la meno linaloshika mnyororo) ya meno 14 mbele na 40 nyuma. Ukiwa na mzigo, hata namba moja ilikuwa nzito, kila kona nabana klachi. Nikaweka ya mbele yenye meno 13. Ikapanda kwa raha kabisa.

Shida nikaiona kwenye lami. Dashibodi inasema 80, na malori yananipita. Halafu kwa hesabu zangu, lita moja ikawa inanipeleka mbali kuliko zamani. Gia fupi haikupi hivyo hata siku moja.

Fundi mmoja Mwanjelwa, Mbeya, akasema, "Braza, kebo imelegea." Akafungua tairi la mbele, kebo hakuna. Hakurudi nyuma: akasema basi dashibodi imechoka, akaniuzia iliyotumika. Nikaifunga, ikasoma vilevile, na juu yake nikabebeshwa kilomita za pikipiki ya mtu mwingine. Nilikasirika, nikarudisha ya kwangu.

Jioni ile nikaweka kreti la soda chini ya injini hadi tairi la nyuma likaning'inia. Nikawasha, nikaingiza namba moja. Tairi la mbele limetulia tuli, namba za spidi zinapanda! Nikafuata waya wa sensa (kidude kinachoipa dashibodi spidi) kwa vidole mpaka ulikoishia: kwenye giaboksi, jirani na sproketi ya mbele. Kumbe sensa inahesabu mizunguko ya shafti inayozungusha hiyo sproketi, na mwendo wa tairi haiujui. Ukipunguza jino, shafti inazunguka zaidi kwa kilomita ileile. 14 gawanya kwa 13 ni 1.077, yaani inazidisha karibu asilimia 8. Boda nyingi huchukua spidi tairi la mbele kwa kebo, kwa hiyo wenye nazo wakibadili sproketi hawaoni kitu, na ndiyo maana ushauri wa yule fundi haukunifaa.

Sikuishia kwenye hesabu. Pale Usangu barabara imenyooka, nikaweka tripu (kihesabu cha kilomita za safari) sifuri kwenye jiwe la kilomita, nikahesabu mawe 20. Tripu ikasoma 21.5. Nilifurahi kama nimevuna.

Dawa yake ni kiboksi kidogo cha kurekebisha spidi, kinakaa kati ya sensa na dashibodi. Nilikiagiza nje, laki tatu na kitu pamoja na usafiri. Waya ni nne: umeme, asi (waya hasi), ishara inayoingia na inayotoka. Soketi zibane vizuri, na ukifunge mbali na maji, mvua za huku hazina huruma.

Hapa kwenye kuweka asilimia ndipo wengi wanakosea. GPS ya simu ilionyesha 71 dashibodi ikiwa 80, kwa hiyo rafiki yangu akanishauri nipunguze asilimia 11 ili zilingane. Nilikataa. Kwa kawaida watengenezaji huifanya spidi isome juu kidogo kwa makusudi, lakini kilomita huziacha karibu na ukweli, na kiboksi kinagusa vyote viwili kwa pamoja. Ningepunguza 11, kilomita zingepungua na oili ningechelewa kumwaga. Nikaweka 7.1, kiasi kile cha jino tu, maana 13 kwa 14 ni 0.929.

Nikarudi kwenye mawe yaleyale. Tripu: 20.0. Spidi ikisema 80 simu inasema 77, na kijijini nikishika 50 yangu sina wasiwasi na tochi ya trafiki. Ile sproketi ya meno 14 ninayo bado. Siku nikiirudisha naweka sifuri kwenye kiboksi, basi.