Navyoinstoli programu kwenye Linux bila kuhangaika

Bado kuna watu wanaogopa Linux (mfumo endeshi wa kompyuta, kama ilivyo Windows) eti kuinstoli programu ni kazi ya mafundi, mimi natumia Linux Mint kila siku na kwa kweli hapo ndipo iliponishika. Huzunguki mtandaoni kutafuta faili ambalo hujui nani kaliweka, programu ziko kwenye ghala la distro yenyewe (distro ni aina ya Linux, kama hii Mint), zimetiwa saini, we unaomba tu unaletewa.

Nikishamaliza kuweka Mint kwenye laptopu nafungua terminali (dirisha la kuandikia amri) naandika sudo apt update ili ijue ghalani kuna nini (apt ndiyo inayoleta programu, sudo ni kuomba ruhusa ya msimamizi), halafu sudo apt install vlc gimp inkscape audacity, zote mstari mmoja. Inaomba paswedi (distro nyingine ukiandika huoni hata nyota moja, usishtuke, inapokea), inakutajia zitashuka MB ngapi, unabonyeza Y na enta basi. Vile vifurushi saidizi ambavyo programu inavitegemea apt inavivuta yenyewe, na kazi hiyo inaifanya tangu distro ya Debian toleo 2.1 la mwaka 1999 kwahiyo si jambo la jana. Asiyependa terminali kuna Software Manager, unabofya tu.

Ghala la distro huwa linachelewa matoleo mapya, ndo maana nikitaka Kdenlive (ya kuhariri video) ya karibuni naichukua Flathub, ghala la mtandaoni la programu za Flatpak, yaani vifurushi vinavyokubali kwenye distro nyingi. Ya kwanza inakula data sana maana inashusha na msingi wake (vitu vya pamoja inavyohitaji ili ifanye kazi), zinazofuata zikitumia msingi uleule zinakuwa nyepesi.

Sasa kuna rafiki yangu kompyuta yake haina intaneti kabisa na alikuwa anataka GIMP, ile ya kuhariri picha. Nilichukua mashine yangu nyingine niliyotoka kuiwekea Mint toleo lilelile kama lake, haijaongezwa kitu, nikaandika sudo apt-get install --download-only gimp, hapo inashusha tu haiinstoli. Mafaili yote ya .deb (ndiyo vifurushi vyenyewe) yakawa yamekaa /var/cache/apt/archives, nikayakopi kwenye flashi, kwake nikafungua terminali ndani ya folda hiyo nikapiga sudo apt install ./*.deb ikaingia bila kulalamika. Toleo lazima lifanane jamani, na mashine ya kushushia isiwe na vitu vingi, la sivyo vile ambavyo tayari inavyo haitavishusha na kwa mwenzako vitakosekana.