Vichwa vya treni vilivyotumika na reli yetu ya Arusha

Tangu treni ya abiria irejee Arusha mwaka 2020, baada ya takriban miaka 30, mazungumzo ya hapa mjini kuhusu reli huishia mara nyingi kwenye lawama moja: kwamba sisi hupewa vichwa vya treni vilivyokwisha kuchoshwa na wengine. Ninaielewa lawama hiyo lakini siikubali yote, kwa sababu swali la umri hufunika swali zito zaidi, nalo ni kama kichwa hicho kina ndugu katika karakana zetu.

Tuangalie YDM-4, kichwa cha dizeli chenye nguvu farasi zipatazo 1,350, kilichobuniwa na kampuni ya ALCO ya Marekani na kuundwa kwa wingi katika kiwanda cha Varanasi, India, kuanzia mwaka 1968. Mwaka 1992 India ilianza mpango mkubwa wa kugeuza reli zake za upana wa mita moja kuwa reli pana, na vichwa vingi vilivyokuwa bado na uwezo wa kuvuta mabehewa vikakosa njia ya kupita. Reli yetu, iliyoanza kujengwa Tanga na Wajerumani mwaka 1893 na kufika Arusha mwaka 1929 chini ya Waingereza, ina upana huohuo wa mita moja.

Linalonivutia zaidi ni undugu wa injini zenyewe. Vichwa vya daraja la 88 vya reli yetu, vilivyotoka vipya Montreal, Kanada, katika miaka ya 1970, vina injini ya ukoo uleule wa ALCO 251, ila yao ina silinda 12 na ya YDM-4 ina silinda 6. Tena kiwanda cha Varanasi kilipouza kichwa chake cha kwanza nje ya India mwaka 1976, mnunuzi alikuwa Tanzania. Fundi aliyezoea kufungua injini moja ya ukoo huo haanzi upya anapoifungua nyingine.

Vichwa hivi pia hukarabatika. Injini ya dizeli huzungusha jenereta, na umeme wake ndio unaoendesha mota zilizofungwa kwenye ekseli. Kila sehemu huweza kushushwa, kutengenezwa na kurudishwa peke yake, hata kama fremu ina miaka 40. Mota zikitengenezwa vibaya, mlima utasema: Moshi ipo kwenye mwinuko wa takriban mita 800, Arusha takriban mita 1,400.

Mwaka 2007 uendeshaji wa reli ulikabidhiwa kampuni ya ubia ambamo RITES, kampuni ya serikali ya India, ilikuwa na asilimia 51, na vichwa vilivyotumika vikakodiwa kutoka huko. Ubia huo ulikoma mwaka 2011. Kwa maoni yangu, kukodi mtambo wa zamani kuna hatari kubwa kuliko kuununua, kwa kuwa kodi huendelea kudaiwa hata siku ambayo kichwa kimelala karakanani kikisubiri kipuri.

Reli za mita moja za India sasa zimebaki chache, na wanaohudumia YDM-4 wanapungua pamoja nazo. Iwapo vitatafutwa vichwa vingine vya namna hii kwa ajili ya njia ya Tanga, ningependa mkataba uanze na vipuri vya miaka kumi na michoro kamili ya kiufundi, kabla bei ya kichwa chenyewe haijatajwa.