Nilivyoifufua swichi iliyogoma kuwaka

Ilikuwa Catalyst 2960 iliyokwishatumika, swichi ya Cisco ya kuunganisha kompyuta kwenye mtandao, na ilitufikia mikono mitupu: haina nywila inayojulikana, haina maelezo, na kumbe haina hata mfumo endeshi. Feni inavuma, lakini taa za poti zote kimya. Mwenzangu akaitazama kidogo akasema, "Kaka, hiyo imekufa. Chomoa tu, tutafute nyingine."

Sikuchomoa. Taa ya SYST, inayoonyesha hali ya mfumo, haikuwa na rangi ya machungwa, na hiyo ndiyo rangi ya kuogopa, kwa sababu huashiria kwamba swichi inapata umeme lakini haifanyi kazi sawasawa. Nikachomeka kebo ya konsoli, ile ya kuiamrisha swichi moja kwa moja kutoka kompyuta, nikaweka terminali (programu ya kuandikia amri) kwenye kasi ya biti 9600 kwa sekunde, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kufungia. Skrini ikaandika kwamba swichi imeshindwa kujiwasha yenyewe na kwamba kigezo cha BOOT kinahitaji kuelekezwa kwenye faili linaloweza kuiwasha swichi. Chini yake pakabaki neno moja linalosubiri amri: `switch:`.

Neno hilo lilinitosha kujua tatizo liko wapi. Wengi hukariri kumbukumbu nne za swichi, yaani ROM, flashi, NVRAM na RAM, kwa ajili ya mtihani, kisha wanazisahau. Mimi nazichukulia kama zamu: kila moja hufanya kazi yake na kuikabidhi inayofuata, na pale swichi inapokwama ndipo unapojua nani hakufika kazini.

Zamu ya kwanza ni ya ROM. Humo mna jaribio la POST, la swichi kujipima inapowashwa, na programu ndogo ya kuwashia, ile inayoamsha kichakataji na kufungua mfumo wa mafaili wa flashi. Kama nimefika kwenye `switch:`, basi ROM imemaliza kazi yake, na RAM ina uhai wa kutosha kuiendesha programu hiyo. Kilichobaki cha kushuku ni flashi, ghala ambamo IOS, mfumo endeshi wa swichi, hukaa. Programu ya kuwashia hutazama kwanza kigezo cha BOOT. Kikiwa kitupu, hupekua flashi folda kwa folda ikitafuta faili la kwanza linaloweza kuendeshwa. Isipolipata, hukaa pale pale na kukusubiri wewe.

Nikaandika `flash_init`, kisha `dir flash:`. Mafaili yalikuwepo: `config.text`, `vlan.dat`, na vijifaili vingine. Faili la `.bin`, yaani IOS yenyewe, halikuwepo. Mtu alilifuta, basi. Hakuna chipu iliyoungua, hakuna bodi ya kubadilisha.

Kulirudisha kupitia kebo ya konsoli kunawezekana kwa XMODEM, itifaki ya zamani ya kutuma mafaili, ila piga hesabu kwanza. Kwa kasi ya 9600, kila baiti husafiri na biti 10, yaani 8 zake, moja ya kuanzia na moja ya kufungia. Hiyo ni baiti 960 kwa sekunde. Faili la MB 10 litakula karibu saa 3, na bado hujahesabu muda ambao XMODEM inasimama kungoja jibu baada ya kila kipande. Kwa 115200 mwendo ni mara 12, na hesabu inashuka hadi robo saa na ushee. Kwa hiyo nikaandika `set BAUD 115200`, skrini ikajaa takataka, nikabadilisha kasi ya terminali nayo ikasomeka tena. Kisha `copy xmodem:` kuelekea flashi, nikamtuma mwenzangu alete viti. Faili lilipoingia lote nikaandika `unset BAUD` na kurudisha terminali kwenye 9600, ili atakayekuja baadaye na kebo yake asipokewe na herufi zisizosomeka.

Kabla ya kuiwasha nilibadilisha jina la `config.text`. Kwenye swichi hizi usanidi wa kuanzia, ule tunaosema uko NVRAM, kwa kweli ni faili hilo lililo ndani ya flashi. Ukilipa jina jingine, IOS hailioni, na nywila ya zamani haikuzuii tena. Nikaandika `boot`. Alama za reli (#) zikaanza kutambaa kwenye skrini, IOS ikijifungua na kuingia RAM, mwisho ikaniuliza kama nataka kuanza usanidi upya.

Sasa lile linalowaponyoka wengi. Nikapiga `show vlan brief`, na VLAN (mitandao midogo iliyogawanywa ndani ya swichi) za mwenye swichi wa kwanza zikajipanga zote kama hakuna kilichotokea. VLAN hizo hazikai kwenye usanidi wa kuanzia, zinakaa `vlan.dat`, kwa hiyo hata `erase startup-config` haizigusi. Si suala la usafi tu. Faili hilo hubeba pia namba ya marekebisho ya VTP, itifaki ya Cisco inayosambaza orodha ya VLAN kati ya swichi. Swichi ngeni yenye namba kubwa, ikiunganishwa kwa tranki (kiungo kinachobeba VLAN nyingi) na mtandao wenye jina lile lile la domeni na nywila ile ile ya VTP, inaweza kufuta VLAN za swichi nyingine zote ndani ya muda mfupi. Ndiyo maana sikuchomeka waya wa mtandao mpaka nilipoandika `delete flash:vlan.dat` na kuiwasha upya.

Usanidi mpya unaanzia RAM, na RAM haina deni na mtu umeme ukikatika: husahau yote. Nikauhifadhi kwa `copy running-config startup-config`, nikaelekeza `boot system` kwenye faili jipya, nikahakiki faili lenyewe kwa `verify /md5`. Halafu nikachomoa waya wa umeme kabisa, badala ya kutumia `reload`, nikachomeka tena. Ikapita ROM, ikapata IOS, ikasoma usanidi, poti zikawaka kijani. Mwenzangu alikuwa tayari ameshaanza kunakili `.bin` hiyo kwenye seva ya TFTP, ya kuhamishia mafaili kupitia mtandao.