Spika ndani ya ukuta wa jipsamu: tulivyofanya nyumbani kwetu Shangani

Nyumba yetu ipo Shangani, Mtwara mjini, karibu na bahari. Hewa ya chumvi haina huruma na vyuma: nyavu za spika za sebuleni zilishaanza kutu, na watoto nao waliona zile koni ndiyo mahali pa kuingizia vidole. Tulipoamua kujenga ukuta wa jipsamu wa kuwekea TV, nikamwambia baba watoto kwamba spika ziingie humo humo na zisionekane kabisa. Zile za kuchomeka ukutani zenye wavu sikuzitaka, maana wavu unabaki nje na kutu itaufuata. Nilitaka zile zinazopigwa skimu, yaani lile tabaka laini la kumalizia ukuta, na rangi juu yake.

Spika za namna hii mbele zina bamba bapa, na nyuma yake kuna kifaa kinachotikisa bamba hilo. Sauti inatoka kwenye bamba lenyewe pamoja na tabaka jembamba la skimu lililolifunika. Sonance ya Marekani na Amina ya Uingereza ni kati ya kampuni zinazozitengeneza. Zangu niliagiza Dar es Salaam, zikaja kwa basi. Bei yake inauma, kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kukata bodi kabla sijamaliza kusoma maelekezo ya mtengenezaji.

Fundi wetu wa jipsamu alipoishika mara ya kwanza aliigeuzageuza. "Dada, mbona hii kama ubao tu? Tukiziba si itakuwa bubu?" Nikaiunganisha na amplifaya pale pale sakafuni, nikamwambia aweke kiganja juu ya bamba. Alipousikia mziki unapita mkononi, akaelewa kwa nini nilikuwa nasisitiza skimu iwe nyembamba.

Kazi kubwa ipo nyuma ya ukuta. Nyumba yenyewe ni ya tofali za saruji, kwa hiyo fremu ya chaneli, vile vyuma vyembamba vya kushikia bodi, tuliisogeza mbele, ikabaki nafasi ya kama sentimita 10 kwa ajili ya spika na nyaya. Kuzunguka kila tundu tukaongeza vipande vya chaneli pande zote nne ili spika ifungwe kwenye chuma. Ikishikiliwa na jipsamu peke yake, mtikisiko utakuja kupasua kiungo. Bodi ni ya milimita 12, siyo ile ya milimita 9 wanayopigia dari.

Waya wa spika tulitumia wa milimita za mraba mbili na nusu. Ulipita mbali na waya wa umeme wa soketi ya TV, na pale ilipobidi zikutane, zilikatana kwa pembe mraba. Zikilala sambamba mwendo mrefu, spika inaweza kuunguruma hata ukiwa hujapiga kitu. Chanya iende kwenye chanya na hasi kwenye hasi kwa spika zote mbili. Moja ikigeuzwa, besi inapotea na waimbaji wanasikika kama hawana mahali walipokaa. Kisha nikapima kwa mita: spika ya ohm 8 husoma kama 6 hivi. Ikisoma sifuri kuna shoti, isiposoma kitu waya umekatika. Ni afadhali ulijue hilo wakati ukuta bado uko wazi.

Halafu likaja jaribio ambalo nawasihi msiliruke. Nilipiga kutoka kwenye simu mlio mmoja unaoanza chini kabisa na kupanda polepole. Mlio ulipofika kwenye sauti nzito fulani, ukuta ukaanza kuchakacha kama bati lililolegea. Fundi akawa anabonyeza kwa kidole, chaneli hadi chaneli, hadi mchakacho ukakata: paipu ya nyaya ilikuwa inagusa chuma. Tukaweka kipande cha sponji katikati, tukaifunga, tukapiga tena. Kimya. Kitu kidogo kama kile kingefungiwa ndani, tungebomoa.

Spika ilikaa sawasawa na uso wa bodi. Tulihakikisha kwa rula ndefu ya alumini, na usiku nikawasha tochi ya simu nikiilaza ubavuni mwa ukuta, maana mwanga wa pembeni haufichi kinundu. Viungo vikapigwa tepu ya nyuzi, kisha skimu ya jipsamu, tabaka jembamba jembamba, jumla yake isizidi milimita 2 kama maelekezo yalivyosema. Saruji nyeupe nilikataa kabisa. Inakakamaa na ni nzito, bamba litashindwa kutikisika.

Kukauka ndipo Mtwara inapodai subira. Hewa yetu ina unyevu, na mvua zikianza ndiyo zaidi. Sikufuata saa, nilifuata mkono. Skimu mbichi ukiigusa kwa mgongo wa kiganja ni ya baridi kuliko ukuta wa jirani yake, hata kama kwa macho imeshakuwa nyeupe. Hadi ubaridi uishe ndipo tabaka jingine, na muda wote huo hakuna kupiga mziki. Mwishoni msasa laini, praima, na rangi ya maji kwa rola.

Sauti imetulia na inaenea sebule nzima. Kaswida na fidla za taarabu zinasikika vizuri mno. Besi ni chache, hilo ndilo umbile la bamba, kwa hiyo sabufa ipo nyuma ya kabati na amplifaya nimeiwekea mpaka ili sauti nzito za chini ya hezi 100 zisiende ukutani. Picha za ukuta ukiwa wazi, futi ikiwa imenyooshwa pembeni, ninazo, na mgeni yeyote anayetaka kutundika saa ananiuliza kwanza.

Shemeji yangu wa Mikindani sasa anataka kama zangu. Nyumba yake ni ile ya zamani ya mawe na chokaa, na nimemwambia asiichimbe: ajenge ukuta mwembamba wa jipsamu mbele yake, aanzie hapo.